Onyo Jekundu Molo

Jumatatu saa tatu asubuhi, simu karibu mia nne za wakulima wa viazi kule Molo zilitoa onyo moja. Lilikuwa jekundu, lenye maneno machache: "Programu hii inaweza kudhuru simu yako. Tumeizuia ili kukulinda. Ifute." Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu, cha kufuta. Cha kuuliza kwa nini hakikuwepo.

Adero alizipata habari hizo akiwa nyumbani kwake Lanet, chai mkononi. Yeye ndiye aliyeitengeneza programu hiyo, peke yake, kwa mwaka mzima, akaiita Waru Leo, waru likiwa neno la Kikuyu la viazi. Kazi yake haikuwa ya ajabu. Mkulima aliandika siku anayotaka kuchimba viazi na bei ya chini kabisa anayoweza kukubali. Programu ilisoma pia jumbe za wanunuzi zilizoingia kwenye simu yake, kisha ikapanga nani achimbe lini, ili lori lijae mara moja na bei isemwe na wote kwa pamoja. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa akichimba kivyake na kunyongwa na madalali kivyake. Sasa, kwa misimu miwili, madalali walikuwa wakipanda Molo kwa adabu.

Alikasirika hadi chai ikamwagikia kibodi, lakini hakushangaa. Alikuwa amewangoja Wenyewe muda mrefu.

Wenyewe ni jina alilowapa wale matajiri wa ng'ambo wenye mfumo unaoendesha simu karibu zote za Nakuru. Mwaka huu walikuwa wametoa sheria mpya. Programu isiyopitia dukani kwao itatiliwa shaka. Mtengenezaji asiyejiandikisha kwao kwa kitambulisho atatiliwa shaka. Na programu iliyotengenezwa kwa vifaa ambavyo wao hawakuviidhinisha itatiliwa shaka kuliko zote. Ni kwa usalama wenu, walisema. Adero alilijua vizuri neno hilo. Mwenye ploti yake pale Lanet alijenga geti kubwa la chuma, akaweka na askari, kwa usalama wa wapangaji, na wapangaji wakashukuru. Mwezi uliofuata mtungi wa gesi ukakatazwa kupita getini kama haukununuliwa kwenye duka lake mwenyewe, lililo ndani ya ploti.

Tena, ni mwezi uliopita tu Wenyewe walizindua programu yao ya wakulima. Tangazo lake lilikuwa na picha ya mkulima anayecheka meno yote nje, ameshika kiazi kisicho na chembe ya udongo. Adero aliitazama sana picha ile. Waru Leo iliwakalia njiani, na sasa imeondolewa njiani. Mtu angehitaji kuwa kipofu asione.

Simu ikalia. Alikuwa Wariara, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mama wa miaka sitini na ushee ambaye kila mtu alimwita Chairlady.

"Adero, mami, hii simu yangu imekuwa red. Wamama wananipigia mpaka sikio imechoka. Wanauliza kama italipuka."

"Haitalipuka, Chairlady. Ni hao wenye simu. Wanataka mtoke kwangu muende kwao."

"Sawa. Lakini Jumamosi tuko na mkutano, na utakuja uwaelezee. Kama huna maelezo watafuta, na mimi sitawazuia. Na ile maneno ya Mwalimu Jamleck tunamaliza siku hiyo hiyo. Anatoka."

Chairlady akakata simu.

Maneno ya Mwalimu Jamleck yalikuwa hivi. Tangu mvua zianze, madalali walikuwa wanajua mambo. Dalali mmoja alimfikia Jelagat, mjane mwenye ekari moja na nusu karibu na msitu, kabla hajashika hata jembe, akamtajia bei ileile ya chini ambayo Jelagat alikuwa ameiandika kwenye Waru Leo jana yake. Hakupunguza wala hakuongeza. Ikatokea kwa mwingine, kisha kwa wengine kumi. Kikundi kikaanza kupasuka, kila mtu akiuza kwa siri ili asitanguliwe. Kuna mtu alikuwa anatoboa siri, na aliyeziona bei za watu wote alikuwa mmoja tu, katibu. Huyo ndiye Jamleck, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya Molo kusoma. Ndiye pia aliyepita nyumba kwa nyumba kwenye matope akiiweka Waru Leo kwenye simu za watu, moja baada ya nyingine, kwa kuwa kwenye duka la Wenyewe haikuwepo.

Wiki tatu zilizopita Wariara alikuwa amempigia Adero kumuuliza jambo moja. Je, inawezekana ni programu inayotoboa? Adero hakupoteza hata dakika. "App haina mdomo, Chairlady," alisema. "Tafuteni mwenye mdomo." Akacheka na kucheka. Wakatafuta, wakamwona Mwalimu, na tangu siku hiyo hakuna aliyemkaribisha chai.

Adero alimpenda yule mzee, na kutengwa kwake kulimkera kila alipokukumbuka. Lakini watu wema pia huuza, alijiambia, na akarudi kwenye vita vyake.

Alianza kwa kuwaandikia Wenyewe. Aliandika kwa heshima, akaeleza kuhusu viazi, malori na madalali, akaomba aambiwe kosa lake. Jibu lilikuja baada ya dakika nne. Tumeupitia upya uamuzi wetu, lilisema. Programu yako inakiuka sera zetu za usalama. Hatuwezi kutoa maelezo zaidi. Adero alilisoma mara tatu. Hakuna binadamu anayeweza kupitia upya chochote kwa dakika nne, na anayekataa kueleza ana kitu anachoficha. Hapo ndipo alipomkumbuka Kang'ethe.

Kang'ethe walisoma naye chuo kule Njoro, wakalala njaa pamoja, wakaapa kufungua kampuni pamoja. Kisha Kang'ethe akaajiriwa kuitangaza programu ya Wenyewe katika Bonde la Ufa lote, akahamia Milimani, akaanza kuvaa mashati yasiyokunjika. Aliijua Waru Leo ndani nje. Kama kuna mtu wa kuchongea, nani mwingine?

Walikutana Jumanne kwenye mkahawa wa hukohuko Milimani, chini ya miti, mahali ambapo hata wahudumu huongea polepole.

"Ni wewe?" Adero aliuliza kabla ya kuketi.

"Niaje pia," Kang'ethe alisema. "Ni mimi nimefanya nini?"

"Uliniripoti."

"Zii. Adero, hao wasee hawakujui. Hakuna mtu ameketi huko akasema leo tumalize Adero wa Lanet. Ni mashine. Inapitia apps zote, inatafuta ile inafanana na kitu mbaya."

"Na inapata yangu mwezi mmoja tu baada ya yenu kutoka."

"Sijasema hawajafurahi." Kang'ethe alikoroga kahawa ambayo hakuwa ametia sukari. "Ukipitia kwao wanapata. Ukiogopa kupitia kwingine wanapata zaidi. Hiyo iko. Lakini wezi pia wako, manze. Wewe unataka ukweli ikuwe moja tu."

"Unalipwa kusema hivyo."

"Nalipwa, eeh." Hakukasirika, na Adero alimtilia shaka zaidi kwa kutokasirika. Kang'ethe akatazama kulia na kushoto, akageuza simu yake mezani ili aweze kusoma. "Hii sijakuonyesha. Ni list ya zile zimefungwa Rift nzima Jumatatu. Kumi na moja ni za hapa Nax, Nakuru tu. Soma haraka."

Adero alisoma haraka. Aliyajua majina yote kumi na moja. Alitoka pale bila kuaga, moyo ukimdunda kwa kitu kilichokaribia kuwa furaha. Mmoja angeweza kuwa bahati mbaya. Kumi na mmoja wa mji mmoja, siku moja, ni vita.

Aliyajua kwa sababu wote walikuwa watu wa chumba cha Dalmas. Dalmas, binamu yake, alikuwa na chumba cha kutengenezea laptop juu ya duka la vifaa vya ujenzi katikati ya mji. Vifaa vya kutengenezea programu za simu ni vizito. Ukitaka kuvipakua kutoka kwa watengenezaji wake utamaliza bando la mwezi mzima, na katikati mtandao ukikatika unaanza upya. Kwa hiyo Nakuru hakuna aliyekuwa akipakua. Mtu mmoja hupakua, wengine wakanakili. Kila Jumamosi vijana walipanda ngazi zile na laptop zao, Dalmas akaitoa diski yake nyeusi iliyofungwa kwa mpira, ukanakili, ukaondoka. Hakukuwa na malipo. Ulitakiwa tu kuja na mandazi. Adero alinakili hapo, na yeye akawanakilia wasichana wawili wa mtaani kwake waliotaka kujifunza. Huo ndio ulikuwa utu wa kazi yao. Aliyepakua mwenyewe alionekana mchoyo.

Wenyewe wamekijua chumba chetu, Adero alijiambia. Vifaa vyetu havikupitia kwao, basi wanatufunga kinywa wote kwa mkupuo. Aliandika barua ya malalamiko yenye nafasi kumi na moja za sahihi. Ilikuwa barua kali na nzuri, yenye maneno kama ukoloni, na aliisoma kwa sauti chumbani akiwa amesimama. Kufikia Jumatano mchana watu tisa walikuwa wametia sahihi na yeye wa kumi. Alibaki Valarie.

Valarie alifanya kazi kwenye duka la dawa, na alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa lake pale Lanet. Programu yake ilikuwa kitabu cha nyimbo za kwaya, basi. Maneno ya nyimbo mia moja na arobaini, kwa waimbaji sitini.

"Wamefunga hata yangu," Valarie alimwambia kwenye simu. "Jumapili masoprano watakuwa wanaangalia juu kama kuku wanakunywa maji. Leta hiyo barua nisaini."

Adero alicheka. Kisha kicheko kikamkauka.

Kwa nini Wenyewe waogope kitabu cha nyimbo? Viazi alivielewa. Viazi vina soko, vina malori, vina watu wa kuchukuliwa. Katika zile nyingine tisa kulikuwa na ya kukodisha nyumba, ya bodaboda, ya maziwa, zote zikiwa na kitu ambacho tajiri angeweza kukitamani. Lakini hakuna tajiri duniani anayeimezea mate kwaya ya Lanet. Alijaribu kujiambia kwamba wamefunga na hiyo ili kuficha nia yao, na alipojisikia akisema hivyo aliona mwenyewe kwamba anajilazimisha.

Akaichukua barua, akaenda hadi duka la dawa. Valarie alikuwa anahesabia mzee mmoja vidonge. Alipomaliza, akampa Adero simu yake ili aitazame. Adero alifungua orodha ya ruhusa, pale ambapo kila programu inataja vitu inavyotaka kuvigusa kwenye simu. Kitabu cha nyimbo kilitaka intaneti. Kilitaka pia kusoma jumbe.

"Valarie, nyimbo zinasoma message za nini?"

"Kusoma nini?" Valarie aliinama, akasoma, akavua miwani, akasoma tena. "Hiyo sijaandika. Adero, mimi hiyo kitu nimeandika line mia mbili, na naijua kila moja kama jina yangu. Haina hata net. Imetoka wapi?"

Adero alimrudishia simu. Kwenye Waru Leo ruhusa hizo zote mbili zilikuwepo, na aliziandika yeye mwenyewe kwa sababu alizihitaji. Hata kama mtu mwingine naye angeziomba humo humo, asingeona tofauti. Alirudi nyumbani na barua yake, sahihi ya kumi na moja ikiwa bado haipo.

Alhamisi asubuhi alitengeneza programu tupu. Alifungua vifaa vile alivyovinakili kwa Dalmas, akaanzisha kazi mpya, hakuandika hata mstari mmoja. Ilikuwa ukurasa mweupe tu, bila kitufe wala neno. Akaiweka kwenye simu yake kuukuu. Kisha akaifanya laptop iwe njia ya intaneti ya simu hiyo, ili kila kitakachotoka kipite mbele ya macho yake. Akajitumia ujumbe: "Natoa gunia ishirini kesho."

Hakumaliza kupumua. Mstari ulijitokeza kwenye laptop, kisha wa pili. Maneno yake, gunia ishirini kesho, yalikuwa yakitoka kwenye simu kwenda kwa anwani ya tarakimu ambazo hakuzijua. Alituma ujumbe mwingine, ukaenda. Akatuma salamu, zikaenda. Ukurasa mweupe ulikaa vilevile kwenye kioo, na programu isiyo na kitu ndani yake ilikuwa inazungumza na mtu.

Adero aliketi kitandani. Alihisi aibu kwanza, kabla hata ya hofu, na aibu hiyo ilikuwa na sura ya mzee mmoja. Mtu fulani alivichezea vifaa vile kabla havijafika kwenye diski, na kila kitu kilichotengenezwa kwavyo kilizaliwa na sikio lisilo lake. Jumbe za Molo na bei zilizoandikwa kwenye Waru Leo zilikusanywa, zikauzwa, na msimu huu madalali walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Mwalimu Jamleck hakusema lolote kwa mtu yeyote. Aliyemtoa kafara alikuwa yeye, Adero, kwa sentensi mbili na kicheko, kwa sababu aliulizwa swali la kazi yake akaona limemshushia hadhi.

Ijumaa alipanda ngazi za Dalmas. Aliona runinga mpya kubwa ukutani, akajiuliza pesa zake zimetoka wapi. Halafu akajichukia, maana hivyo ndivyo Molo walivyomtazama Mwalimu.

"Ile diski, ulipata wapi vitu viko ndani?"

"Kwa Travis wa Nairobi. Yeye alitoa kwa group fulani ya Telegram." Dalmas aliweka bisibisi chini. "Kwani?"

Alimweleza. Dalmas alisikiliza huku akiifungua na kuifunga laptop ya mteja.

"Sasa unasema mimi ni mwizi?"

"Sisemi hivyo."

"Mimi nilikuwa nawasaidia nyinyi. Hakuna siku nimeitisha mtu kitu."

"Najua. Hata mimi nilisaidia watu wawili."

Walimpigia Travis wakiwa pamoja. Nambari yake haikupatikana. Lile kundi la Telegram lilikuwa na watu elfu tisa, na mwenye kundi hakuwa na jina ila picha ya paka. Hapo njia ikaishia. Adero alikuwa ametumia juma zima akitafuta adui mwenye uso, na alichopata ni paka. Dalmas aliifungua diski, akaanza kuifuta. Adero akawapigia wale wengine mmoja mmoja kuwaambia wafute walichonacho. Wawili walimwamini. Wengine walimuuliza Wenyewe wamemlipa ngapi.

Jumamosi, njiani kupanda Molo, alilifikiria jambo lingine, na alilifikiria kwa bidii. Angeweza kuwapa wakulima barua yake. Ilikuwa tayari. Wangeamini, kwa kuwa kila mtu huamini habari mbaya za matajiri, na mara nyingi haendi mbali na ukweli. Kisha angeitengeneza Waru Leo upya kwa vifaa safi, onyo lingepotea, madalali wangekosa masikio, na watu wangesema mambo yametulia tangu Mwalimu atolewe. Mzee angekufa na jina hilo. Hakuna ambaye angejua. Alipofika Molo alikuwa bado hajaamua, na hilo baadaye lilimtisha kuliko mengine yote.

Mkutano ulikuwa kwenye stoo ya kikundi. Ukungu ulikuwa umeingia hadi mlangoni, na watu walikaa juu ya magunia matupu wakiwa na majaketi na mashuka. Mwalimu Jamleck alikaa nyuma, peke yake, nafasi ya watu wawili kila upande. Magotini alikuwa na mfuko wa plastiki wenye daftari la kikundi na muhuri. Alikuwa amekuja navyo ili avikabidhi bila kusumbua mtu. Adero aliuona mfuko ule, na barua ikabaki kwenye begi.

"Adero atatuelezea hii maneno ya red," Wariara alisema. "Halafu tutaingia kwa ile ingine."

"Ni maneno moja, Chairlady," Adero alisema. Alisimama mbele ya meza. "App yangu ndio ilikuwa inatoboa. Si Mwalimu. Kila message mlipata, kila bei mliandika, ilikuwa inaenda kwa mtu sijui ni nani. Nilitumia vifaa za kukopi, nikaamini tu vile ziko. Sikuangalia."

Aliendelea, akaeleza diski, akaeleza kitabu cha nyimbo, akaeleza ukurasa mweupe, kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza. Jelagat ndiye aliyeinua mkono.

"Ulisema haina mdomo."

"Nilisema."

"Na hao wenye simu, walikuwa wanajua?"

"Mashine yao ilijua."

"Na wakanyamaza?"

"Walisema mfute. Hawakusema ni kwa nini. Hata mimi niliwauliza, wakakataa."

"Wangesema, Mwalimu hangekaa wiki tatu bila kusalimiwa," Jelagat alisema. "Basi hata hao siwaamini."

"Usiwaamini. Sijui wanataka nini na simu zenu, na iko kitu wanataka. Lakini hii yangu futa."

Nyuma kule Mwalimu Jamleck alisimama. Alikuwa amekonda. Watu waligeuka wote, kisha wengi wakaangalia chini.

"Adero," alisema, "ile siku Chairlady alikupigia, ulikuwa umeangalia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ulikuwa unajua ni mimi?"

"Sikujua."

"Hukujua," alisema Mwalimu, "lakini ulisema."

Hakuwa na hasira. Alilisema taratibu, kama mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na anataka mwanafunzi aone mwenyewe alipokosea. Adero alimwomba msamaha mbele ya watu wote, kwa jina lake, na machozi yalimtoka bila yeye kujali. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akaketi.

Wariara ndiye aliyewaambia watu wamfungie Mwalimu milango yao, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Mwishowe aliinuka, akampita Adero, akapita katikati ya magunia hadi nyuma, akanyoosha simu yake kwa mikono miwili.

"Mwalimu," alisema, "nisaidie kufuta. Mimi sijui mahali ya kubonyeza."

Mwalimu aliitazama ile mikono kitambo. Kisha akauweka mfuko chini, akatoa miwani yake, akaipokea simu. Mama mwingine akainuka, na mwingine, hadi foleni ikafika mlangoni kwenye ukungu. Adero alikuwa amekuja na laptop na waya, akidhani kazi hiyo ataifanya yeye. Alisimama karibu na meza akiwa amenyoosha mkono. Walimpita mmoja mmoja, wengine wakimsalimu kwa upole, na hakuna aliyempa simu.

Alipoona hivyo akatoa simu yake mwenyewe, iliyokuwa bado na Waru Leo, akaenda kusimama mwisho wa foleni, nyuma ya Jelagat. Jelagat aligeuka, akaona ni nani, akaihamishia simu yake mkono wa pili, ulio mbali naye.